Mchumba Aliyesemwa Kaenda Geita

Sura ya Nane

Stesheni Sajenti Ignas Bundala aliamka na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Land Rover ya polisi ilikuwa imelala Kahama bila petroli. Chai ya kituo cha Masumbwe haikuwa na sukari. Na juu ya meza ya ofisini, ndani ya gunia la pamba, mlikuwa na mifupa ya mtu ambaye mashahidi wawili walishaapa kwamba alipanda basi akaenda zake.

Mtu mwenyewe aliitwa Makoye Ngasa. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakifukua duara, shimo la zamani la dhahabu nyuma ya kijiji, walimkuta chini kabisa, fuvu limepasuka kisogoni, bangili ya shaba bado imo kwenye mfupa wa mkono. Mguu wa kushoto ulikuwa na alama ya kuvunjika utotoni ukaungwa ovyo. Hakuna aliyebisha. Kila aliyemjua alikumbuka alivyokuwa akichechemea.

Ubishi ulikuwa kwingine. Tangu mwaka sitini na tano kijiji kizima kilisema Makoye kaenda Geita. Kaenda na mwanamke, tena wiki ileile ya kupeleka ng'ombe wa mahari, akamwacha mchumba wake Nyamizi na pombe ya arusi imeshaanza kuchacha mitungini. Miaka kumi na saba watu walicheka. Hata leo mume akichelewa kurudi kilabuni, mkewe husema huyo kaenda Geita kama Makoye.

"Sasa alikwenda Geita, halafu akarudi kufia shimoni?" Sajenti alimwuliza Konstebo Leodgar.

"Labda, afande."

"Labda nini? Na kisogo kikajipasua chenyewe?"

Konstebo akaenda kuijaza baiskeli upepo.

Mahabusu alikuwamo Nkwabi, kaka wa marehemu. Konstebo ndiye aliyemkamata, kwa kuwa ndugu hao waligombana juu ya ng'ombe wa mahari na wazee wawili waliwasikia. Sajenti alimhoji jana mpaka koo likamkauka, na hakumpenda hata kidogo: mbishi, mchoyo, mdomo kama cherehani. Lakini uchoyo si mauaji. Tena kulikuwa na jambo lililomkera zaidi. Kama Nkwabi ndiye aliyeua, hadithi ya basi ilikuwa uongo vilevile, na hadithi ya basi haikutoka kwa Nkwabi.

Ilitoka kwa watu wawili. Wa kwanza ni Thobias Maduhu, rafiki wa Makoye na mshenga wake. Yeye alisema alimsindikiza stendi asubuhi ya sikukuu ya Petro na Paulo, akidhani mwenzake anakwenda Geita kununua shuka za arusi na kurudi. Akashtuka kuona mwanamke wa kitenge cha njano anampisha kiti. Wa pili ni Nyamizi mwenyewe, aliyesema aliliona basi likipita mbele ya kanisa, na shati jekundu la mchumba wake dirishani.

Mwaka uliofuata Thobias alimwoa Nyamizi. Watu walimsifu kwa huruma yake. Sasa alikuwa katibu wa kijiji, mtu wa kuombwa ushauri na kusoma masomo kanisani.

"Wakiwa wote wawili ni waongo, kazi yetu ni rahisi," Sajenti alisema akiitoa baiskeli nje. "Mmoja wao akiwa anasema kweli, ndipo penye taabu. Panda nyuma."

"Mimi, afande?"

"Kuna mwingine hapa?"

Wakaenda hivyo hivyo, Serikali mbili juu ya baiskeli moja, Konstebo kashika kofia, Sajenti anahema na kulaani kila kilima.

*

Nyamizi alikuwa kwa mama yake, kama kila asubuhi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, amezoea kusema hali ni nzuri kabla hajamaliza kuulizwa. Alikuwa akipepeta mtama. Mama yake, Bibi Euphrasia, alikaa kwenye kigoda mbele ya ghala akimenya njugu mawe.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," Sajenti alisema, akichanganya Kisukuma na Kiswahili ili aonekane mtu wa watu.

"Marahaba. Karibu, Msumbwa. Polisi siku hizi wanapakizana? Serikali imefilisika?"

"Imefilisika petroli tu, mama. Maswali bado tunayo."

"Hayo hayajawahi kuisha." Akamsogezea kigoda kwa mguu.

Sajenti alimwacha Konstebo nje, upande wa barabara, akakaa. Hakuzunguka.

"Mama Esta," alimwambia Nyamizi, akimwita kwa jina la mwanawe, "turudi kwenye lile basi."

"Nilishasema, afande. Nilisema mwaka ule ule, nikaweka dole gumba."

"Sema tena. Mimi kichwa kigumu."

Nyamizi akaweka ungo chini. "Ilikuwa Petro na Paulo. Tumetoka misa, nimesimama barazani pa kanisa. Basi likapita kuelekea Geita. Nikaona shati jekundu."

"Uso?"

"Mgongo."

"Dirisha la upande wenu?"

"La upande..." Akasita. "Vumbi lilikuwa jingi."

"Na mwanamke?"

"Kitenge cha njano."

"Ulikiona?"

"Thobias alisema cha njano."

Alilisema kwa wepesi, kisha akalisikia mwenyewe. Akamtazama Sajenti kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Sajenti alimpa nafasi, ingawa nafasi si kitu alichozoea kutoa.

"Siku ile ulipofika nyumbani, ulimwambia nani kwamba umemwona mchumba wako ndani ya basi?"

Aliyejibu ni mama yake. "Hakusema kitu. Alikula vizuri tu, akachukua kikapu, akaenda kuvuna pamba."

"Mchumba wako anaondoka na mwanamke, nawe unakula vizuri?"

"Sikujua bado," Nyamizi alisema taratibu. "Nilijua Thobias alipokuja na habari. Siku zilikuwa zimepita. Aliniuliza, basi si lilipita pale kanisani, hukuliona? Nikasema niliona basi. Akasema, na shati jekundu hukuliona? Nikalia. Akaniuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa upole kabisa. Polisi walipokuja nilikuwa nimeshaliona." Akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na uchafu. "Lakini afande, ninaliona. Hata sasa nikifumba macho lile shati lipo."

"Sibishi kwamba lipo. Ninauliza kama lilikuwa kwenye basi."

Nyamizi aliusukuma ungo kando. Hasira ilimpanda ghafla, hasira ya mtu mpole, ambayo ni mbaya kuliko ya mkali.

"Ninyi mnataka muuaji. Sawa, tafuteni. Mimi nataka jambo moja tu: Makoye aliniacha au hakuniacha? Nimezaa, nimelea, nimelala na mwanamume mwingine miaka yote hii, na kila siku ninajua kwamba yule niliyempenda aliniona takataka. Kila siku, afande. Kama mnalijua hilo, niambieni leo."

"Sijalijua bado, Mama Esta," Sajenti alisema. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na ukali.

*

Nje ya ua wa minyaa mtu akakohoa.

Kikohozi kilikuwa cha Thobias, na kila mtu pale alijua la kufanya. Bibi Euphrasia alijifunika kanga usoni, akahamisha kigoda chake nyuma ya ghala. Thobias naye hakuingia. Aligeuka palepale mlangoni, akaupa ua mgongo, akasimama anatazama barabara. Nyamizi akainuka kwenda kuchukua maneno ya mumewe na kuyaleta ndani, maana ndivyo ilivyo katika nchi ile: mwanamume hakutani na mama mkwe uso kwa uso, hali chakula mbele yake, hasemi naye. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayetoka njiani, hata kama pembeni kuna miiba. Sajenti mwenyewe alishawahi kuingia mtoni na viatu vya kazi kwa ajili ya mama mkwe wake wa Ushirombo, na hakuona ajabu.

"Ana heshima, katibu wetu," alisema, kwa kusema tu.

"Hee!" Bibi Euphrasia alicheka nyuma ya ghala. "Yake imezidi kipimo. Huyo alianza kunikimbia hata kabla. Alinimwagia pamba yangu yote."

Sajenti, aliyekuwa anachukua njugu moja kwenye sinia la bibi, aliirudisha.

"Kabla ya nini, mama?"

"Kabla ya kuposa! Hiyohiyo sikukuu ya Petro na Paulo. Mimi natoka kanisani, njia nyembamba, pamba huku, pamba huku. Naye huyo anakuja peke yake, anatoka huko stendi. Nikamngoja aniamkie. Aliponiona, puu! Akarukia ndani ya pamba kama kaona nyoka, akanipa mgongo. Pamba imepasuka, nyeupe pee, yote ikaanguka mavumbini. Nilikuwa na safi, ya daraja la kwanza, nikapeleka fifi, ya bei ya chini. Nikamtukana pale pale: una wazimu, kijana, mimi nimekuwa mkweo?"

Akacheka tena, na kicheko kikaishia njiani.

Sajenti hakusogea. "Siku ile mkweo alikuwa nani?"

"Makoye."

"Mlikuwa mmeshajua kwamba kaondoka?"

"Yaya, hata kidogo! Tulikuwa bado tunapika pombe. Tulikuwa tunangoja ng'ombe wake."

"Mama, nisaidie, maana Wasumbwa na Wasukuma tunatofautiana kidogo. Heshima hii ya kumpisha mama mkwe huanza lini? Mtu akimpenda binti?"

"Akipenda tu? Si tungekimbiwa na kijiji kizima!" Lakini hakuwa akitania tena. "Huanza baba wa binti akipokea jembe la posa. Akishalipokea, wewe ni mkwe."

"Na jembe la Thobias lilipokelewa lini?"

"Mwaka uliofuata. Mbele ya watu. Nililiona."

"Hilo la mbele ya watu. Hakukuwa na jingine?"

Bibi Euphrasia alitoa kanga usoni. Alianza kusema kwa sauti ya chini mno.

"Jioni ya kuamkia sikukuu mume wangu alirudi na jembe jipya. Nikamwuliza la nini, na majembe tunayo. Akaniambia wanawake mna maswali mengi. Akaniambia nilimie." Akapiga paja. "Nikalilimia! Mwanangu, nililima na jembe hilo mpaka likaisha. Yule mzee aliniangalia kila masika ninainama nalo, na hakuniambia. Kafa hajaniambia!"

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, ameleta ujumbe wa mumewe. Ujumbe ulikuwa kwamba Baba Esta ana kikao, na kama afande hamhitaji aende. Hakuutoa. Sajenti aliona usoni mwake kwamba alikuwa amesikia habari ya jembe, na kwamba alikuwa akijaribu kuipanga nyuma na mbele ili isiwe na maana ile iliyokuwa nayo.

"Mwambie ninamhitaji," Sajenti alisema, akainuka.

*

Thobias Maduhu alikuwa mtu mrefu, suruali imenyooka, kalamu mbili mfukoni. Alisalimia vizuri. Hakuugeukia ua.

"Afande, nimesikia mifupa ni ya Makoye. Imeniumiza sana. Basi alirudi kimyakimya, masikini, watu wa migodini wakamfanyizia."

"Huenda. Nina maswali madogo tu, ya kumalizia. Ulimposa Mama Esta lini?"

"Sitini na sita. Mwezi wa tano."

"Kabla ya hapo hukuwa na nia?"

"Hata! Alikuwa mchumba wa rafiki yangu. Nilimwonea huruma baadaye, alipokuwa amekonda kwa kilio."

"Na mama yake, kabla ya mwezi huo wa tano, mliishi naye vipi?"

"Kama mzazi. Shikamoo mama, marahaba. Niliingia humu nikanywa hata uji."

"Hukuwahi kumkimbia?"

Thobias alitabasamu. "Nimkimbie kwa lipi, afande? Hakuwa mkwe wangu."

"Vizuri," Sajenti alisema. "Hukuwahi kumpisha njiani. Mwaka sitini na tano, kwa mfano."

"Hapana. Hilo hata andika."

Ndani ya ua kitu kikaanguka, sinia la njugu, na sauti ya kizee ikapaa juu ya minyaa.

"Na pamba yangu nani aliiangusha, Thobias?"

Konstebo Leodgar, ambaye naye ana mama mkwe, aliangalia chini kwa aibu. Jambo kama lile halifanyiki. Bibi Euphrasia alimtaja mkwewe kwa jina lake, kwa sauti, na Thobias, aliyekuwa amejiandaa kwa maswali yote ya polisi, hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Lakini mama, si nilikuja kukuvunia ile iliyobaki?" alisema.

Kisha akafumba mdomo. Alichelewa.

"Kumbe uliangukia kwenye pamba," Sajenti alisema.

"Nili... niliteleza."

"Uliteleza ukampa mgongo. Bwana Katibu, mimi nina mama mkwe pia. Hatufikiri, tunaruka tu. Miguu yako ilikuwa na habari ambayo yule mama hakuwa nayo. Jembe lako la kwanza mzee alilipokea jioni ile ya kuamkia sikukuu. Ulimwambia nini mpaka akalipokea, na binti ana mchumba?"

Thobias alitazama barabara. Konstebo alikuwa ameshasimama upande huo.

"Nilimwambia Makoye ana mwanamke. Kwamba anaondoka."

"Jioni."

"Ndiyo."

"Na kesho yake asubuhi ukashtuka stendi kuona ana mwanamke na anaondoka. Maneno yako, dole gumba lako. Jioni ulijua, asubuhi ukashtuka. Mimi naona ulilijua kwa sababu ulishaamua asifike asubuhi. Mzee ulimhitaji mapema, kabla Nkwabi hajadai kumrithi mchumba wa ndugu yake, au mwingine hajaleta jembe lake."

Jua lilikuwa limeshapanda, na jasho lilimtiririka Thobias hadi kwenye kola. Alipoongea hakuongea na Sajenti. Aliongea na minyaa.

"Nilikuwa mshenga. Unajua kazi ya mshenga? Kila neno tamu la Makoye mimi ndiye niliyelibeba. Hakuwa anajua kusema, yule. Aliniambia, mwambie chochote. Nikamwambia chochote. Binti alipocheka, alinichekea mimi. Halafu akampenda yeye." Akapangusa jasho. "Usiku ule tulipita njia ya duarani. Nikamwomba aniachie. Alidhani ninatania. Akacheka, akatangulia."

"Akakupa kisogo."

 Sajenti aliitikia kwa kichwa, na Konstebo akatoa pingu. Zilikataa kufunga mara ya kwanza, kutu, na ilibidi katibu wa kijiji ashike mkono mmoja kwa mwingine huku akisubiri.

"Mama Esta," aliita, bado amegeukia ua. "Mama Esta, nimekutunza. Nimewahi kukupiga? Sema. Nimewahi hata siku moja?"

Konstebo akamshika kiwiko. Akampeleka barabarani.

*

Sajenti alirudi ndani kwa sababu ya kazi. Alihitaji maelezo mapya ya shahidi, na alitaka ayapate kabla ndugu na majirani hawajaja kumjaza maneno mengine. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Nyamizi alikuwa amekaa chini, kwenye mavumbi, katikati ya njugu zilizomwagika. Mama yake alikuwa amemshika bega. Mwanamke yule hakuwa analia.

"Uliniuliza swali," Sajenti alisema. Akachuchumaa, magoti yakalia. "Hakukuacha. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefungwa zizini siku ile, tayari kuletwa kwenu, Nkwabi kaniambia. Usiku ule alikuwa bado ni mchumba wako."

Alitegemea kilio, au shukrani. Alishazoea vyote viwili. Nyamizi alitikisa kichwa kidogo, kama anayepokea salamu ya mtu wa mbali.

"Mama yake alikuja kwangu," alisema. "Mama yake Makoye. Polisi walikuwa wanakuja kesho yake. Alikuja hapa akanipigia magoti, afande, mkwe mzima, kanipigia magoti mimi. Akasema, mwanangu hajaondoka, mwanangu hawezi, ninamjua niliyemzaa. Akasema, waambie hukumwona, ili wamtafute. Waambie tu hukumwona."

Bibi Euphrasia akasema, "Nyamizi, acha."

"Nikawaambia nimemwona. Wakafunga daftari wakaenda zao. Yule mama alikufa masika yaliyofuata."

Sajenti alitafuta neno la kumpa. Angeweza kumwambia kwamba alidanganywa, kwamba alikuwa binti mdogo, kwamba wakubwa kuliko yeye walishirikiana kumfunga kitambaa machoni: baba yake, na mtu aliyekuja kumfuta machozi. Yote yalikuwa kweli. Aliyasema mawili matatu kati ya hayo, na yeye mwenyewe akaona hayafiki.

"Andika," Nyamizi alisema. "Si umekuja kuandika?"

Sajenti akatoa kalamu.

"Andika kwamba yeye hakuniacha." Akaokota njugu moja, akaifuta mavumbi, akaiweka kwenye sinia. "Andika na lile jingine, usilifiche kwa kunionea huruma. Mimi ndiye niliyemwacha."